Poligoni moja, tabia tatu: kisa cha Äußeres Hochebenkar

Katika orodha ya mabarafuto ya mawe (marundo ya mawe na barafu) ya Tirol, magharibi mwa Austria, iliyotolewa na watafiti Krainer na Ribis mwaka 2012, kuna maumbo 3,145. Kati ya hayo, 517 yalihesabiwa kuwa hai, yaani bado yanatambaa, 915 yamelala, na 1,713 ni masalia yasiyo na barafu tena. Äußeres Hochebenkar, juu ya kijiji cha Obergurgl katika bonde la Ötztal, ni barafuto hai. Kwenye jedwali la aina hiyo huwa ni mstari mmoja: mpaka, eneo, mwinuko, na neno "hai". Ukiupitia haraka hutasimama.

Mimi nimesimama hapo kwa muda mrefu. Neno hilo lingekuwa sahihi mwaka 1960, lingekuwa sahihi mwaka 1990, na lilikuwa sahihi mwaka 2021. Lakini kitu kilichokuwa ndani ya mpaka huo hakikuwa na tabia ile ile katika miaka hiyo mitatu, na aliyetegemea poligoni peke yake, yaani umbo la mpaka lililochorwa kwenye ramani, asingejua.

Barafuto ya mawe ni rundo la mawe na barafu vilivyogandamana katika ardhi isiyoyeyuka mwaka mzima, rundo zito kiasi kwamba linatambaa mteremkoni kwa uzito wake lenyewe. Safu ya juu huyeyuka kila kiangazi na kuacha mawe makavu, kwa hiyo anayepita juu yake haoni barafu hata kidogo. Hapo ndipo kazi ya kuichora inapokuwa ngumu. Barafuto ya kawaida hujitangaza kwa weupe wake, na kompyuta inaweza kuitenga kwa rangi kwenye picha ya setilaiti. Hii ya mawe ina rangi ya mlima ulioizaa. Kinachoitambulisha ni umbo: ulimi uliotokeza juu ya ardhi ya jirani, matuta na mifereji iliyopinda kama mikunjo ya uji mzito unaomiminwa, na mbele yake ukuta wa vifusi wenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 40. Umbo ni suala la mwinuko. Ndiyo maana modeli ya kidijitali ya mwinuko, yaani ramani ya kompyuta yenye kimo cha kila nukta ya ardhi, imekuwa chombo cha kwanza mezani, na picha ya anga imekuwa shahidi wa pili.

Hochebenkar ni mfano mzuri wa jinsi mashahidi hawa wawili wanavyofichana mambo. Ulimi wake unashuka kuelekea kaskazini-magharibi, kutoka takriban mita 2,800 hadi karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Programu nyingi za ramani, ukiziagiza zitengeneze picha ya vivuli kutoka kwenye modeli ya mwinuko, huweka taa ya kubuni upande wa kaskazini-magharibi bila kukuuliza. Matokeo yake ukuta wa mbele wa barafuto hii unamulikwa moja kwa moja na kutoka mweupe, laini, kama umepakwa chokaa, na mikwaruzo yote iliyomo inafutika. Jua la kweli liko upande mwingine. Kwenye picha ya anga iliyopigwa asubuhi, ukuta huo huo uko kivulini na ni mweusi. Shahidi mmoja anauonyesha mweupe kupita kiasi, mwingine mweusi kupita kiasi, na mahali hapo ndipo penye habari muhimu kuliko pote. Niliwahi kuchora mpaka wa mbele wa barafuto yenye mwelekeo kama huu kwa kutumia kivuli cha taa moja tu, nikaukata ukuta katikati, kwa sababu nilidhani weupe ule ni mteremko wa kawaida wa mlima. Tangu hapo naanza na ramani ya mwinamo, isiyojua taa iko wapi, kisha nawasha vivuli kutoka pande nne, ndipo naweka picha ya anga juu yake. Dakika kumi za ziada, na kosa halirudi.

Kwenye ramani ya mwinamo ukuta wa mbele unajitokeza kama utepe mkali wenye kingo mbili. Ukingo wa juu ni pale uso wa ulimi unapovunjika ghafla kuelekea chini. Ukingo wa chini ni pale vifusi vinapokutana na ardhi isiyosogea. Mwongozo wa kimataifa wa orodha hizi, ulioandaliwa na kundi la wataalamu lililoanza kazi mwaka 2018 chini ya Shirika la Kimataifa la Ardhi Iliyoganda, unaruhusu mipaka yote miwili lakini unataka useme umechora upi: mpaka mpana unaokumbatia ukuta, au mpaka finyu unaoishia kwenye ukingo wa juu. Pale Hochebenkar hili si suala la mtindo. Mawe yanayodondoka kutoka kwenye ukuta hujikusanya chini yake na kuendelea kushuka, hivyo ukingo wa chini unatapakaa na kubadilika hata kama mwili wa barafuto haujafika huko. Ukilinganisha mpaka mpana wa picha moja na mpaka finyu wa picha nyingine, utapata "maendeleo" ya makumi ya mita ambayo hayakutokea.

Pembeni ni rahisi. Juu, kwenye chimbuko, ndipo watu hawaafikiani. Vifusi vinavyodondoka kutoka kwenye magenge vinaungana na mwili wa barafuto taratibu, bila mstari wowote unaoweza kushikwa kwa kidole. Mpe mchoraji wa pili picha ile ile na modeli ile ile, atakupa mpaka mwingine, na tofauti kubwa itakuwa huku juu. Msimamo wangu ni kwamba mstari wa chimbuko uchorwe kwa alama tofauti na mstari wa mbele, kwa sababu mmoja ni kipimo na mwingine ni makubaliano. Jedwali linaloviweka sawa linamdanganya anayekuja kukokotoa eneo.

Sasa tuingie kwenye kiini cha kisa, yaani wakati.

Hochebenkar ina bahati ambayo mabarafuto mengine hayana. Mwaka 1938 Wolfgang Pillewizer aliipima kwa picha zilizopigwa kutoka ardhini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 vipimo vya mawe yaliyotiwa alama vimeendelea, na aliyevibeba kwa miaka mingi ni Leopold Vietoris, mwanahisabati wa Innsbruck anayejulikana zaidi kwa kazi zake za topolojia, aliyefariki mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 110. Kazi yake mlimani haikuwa na makeke: unatia alama kwenye mawe katika mstari unaokatiza ulimi, unapima mahali yalipo, unarudi mwaka mwingine, unapima tena. Mstari ulionyooka unageuka kuwa upinde, kwa kuwa katikati kunakwenda kasi kuliko kando. Data za mawe machache namna hiyo ni za kuaminika sana mahali zilipo, na zinanyamaza kabisa kuhusu mahali pengine pote.

Mwaka 2023 mtafiti Lea Hartl na wenzake walichapisha uchambuzi uliojaza ukimya huo. Walikusanya na kusawazisha modeli 14 za uso wa ardhi zinazochukua kipindi cha miaka 68. Za zamani zilitengenezwa kutoka kwenye picha za anga za kihistoria. Za karibuni zilitoka kwenye skana za leza, kwanza za ndege na baadaye za droni, na kuanzia 2017 hadi 2021 kulikuwa na kipimo cha leza kila mwaka. Kutokana na modeli hizo walipata mishale ya mwendo ya barafuto nzima, si ya mawe machache tu.

Kulisema hilo ni rahisi kuliko kulifanya, na nataka kukaa kidogo kwenye ugumu wake, maana ndiko kazi za namna hii zinakofia kimyakimya. Picha ya anga ya miaka ya 1950 haikupigwa ili mtu apime barafuto. Ilipigwa kwa ajili ya ramani za kawaida. Filamu imejikunja kidogo, taarifa za lenzi mara nyingine hazikamiliki, theluji mpya imefunika mashimo, na kivuli cha mlima kimeangukia nusu ya korongo. Ili upate mwinuko unahitaji picha mbili zinazopishana na nukta za ardhini ambazo hazijahama tangu siku ile: pembe ya kibanda, mwamba mkubwa wenye ncha, njia panda. Katika bonde la milimani nukta hizo ni chache na mara nyingi ziko chini kabisa, mbali na barafuto yenyewe. Modeli inayotoka inaweza kupendeza machoni na bado ikawa imehama mita nzima kuelekea mashariki.

Mita moja inaonekana ndogo. Ihesabu. Kwenye mteremko wa nyuzi 35, modeli iliyohama mita moja kufuata mteremko inazua tofauti ya mwinuko ya takriban sentimita 70 mahali ambapo hakuna kilichobadilika. Mteremko wa mashariki utaonekana umepungua na wa magharibi utaonekana umeongezeka, au kinyume chake, na mtu asiye makini ataandika kwamba barafu inayeyuka upande mmoja wa bonde. Kwa mwendo, athari inategemea muda. Ukilinganisha picha mbili zilizopishana miaka 16, mita hiyo inagawanyika na kuwa kosa la kama sentimita 6 kwa mwaka, jambo linaloweza kuvumilika kwa barafuto yenye kasi. Ukilinganisha miaka miwili inayofuatana, ni kosa la mita nzima kwa mwaka, na barafuto iliyolala itatoka kwenye ramani ikiwa hai kabisa.

Tiba yake iko kwenye miamba isiyosogea. Kabla ya kutazama barafuto, unaifunika, kisha unatazama kila kitu kingine. Unachukua tofauti ya mwinuko kwenye kila pikseli ya ardhi tulivu, unaigawanya kwa tanjenti ya mwinamo, na kuipanga kulingana na upande ambao mteremko unaelekea, kutoka kaskazini kuzunguka hadi kaskazini tena. Modeli zikiwa zimekaa sawa, nukta zinatawanyika kuzunguka sifuri bila mpangilio. Zikiwa zimepishana, nukta zinajipanga katika wimbi moja safi linalopanda na kushuka: kimo cha wimbi kinakuambia modeli imehama kiasi gani, na kilele chake kinakuambia imehamia upande gani. Njia hii iliwekwa wazi na watafiti Nuth na Kääb mwaka 2011. Unarudisha modeli mahali pake, unachora tena, wimbi linalala. Mara ya kwanza nilipoliona wimbi hilo likilala kwenye skrini nilielewa kwamba nusu ya "mabadiliko" niliyokuwa nimeyaandika wiki iliyotangulia yalikuwa ni kuhama kwa picha. Nikafuta, nikaanza upya.

Baada ya hapo ndipo barafuto inaanza kuongea, na inaongea kwa lugha inayosomeka hata kwa macho. Chukua jiwe moja kubwa, la kimo cha mita mbili hivi, linalosafiri juu ya ulimi. Toa modeli ya mwaka wa kwanza kwenye modeli ya mwaka wa pili. Mahali jiwe lilipokuwa panatokea doa la upungufu, na mahali lilipofika panatokea doa la ongezeko, yote mawili yakiwa na ukubwa wa jiwe. Pima kutoka doa hadi doa, na huo ndio mwendo wake. Zidisha hilo kwa maelfu ya mawe, kompyuta ikitafuta kila kipande cha uso wa mwaka mmoja kimeenda wapi mwaka unaofuata, na unapata uga mzima wa mishale. Matuta nayo yanahama, kwa hiyo ramani ya tofauti inajaa milia ya rangi mbili kwa zamu, kama khanga, na asiyejua anadhani ni kelele za kipimo. Ni alama ya mwendo.

Kilichoonekana Hochebenkar kwenye mfululizo huo ni hiki. Sehemu ya chini ya ulimi imepitia vipindi viwili vya kupoteza uthabiti. Cha kwanza kilianza mapema miaka ya 1950 na kwenda hadi katikati ya miaka ya 1970. Kisha barafuto ikatulia. Ikafuata takriban miongo miwili ya kuongeza kasi polepole, na kuanzia mwaka 2017 hivi kikaanza kipindi cha pili, ambacho kilikuwa bado kinaendelea mfululizo huo ulipofungwa. Kati ya 2020 na 2021 kasi katika sehemu hiyo ilifika mita 20 hadi 30 kwa mwaka, kiwango kisicho na mfano katika mfululizo wote. Mita 20 kwa mwaka ni sentimita tano na nusu kwa siku. Mita 30 ni sentimita nane. Mabarafuto mengi ya mawe yaliyo hai huhama desimita chache hadi mita kadhaa tu kwa mwaka mzima.

Katika mwendo wa namna hiyo njia za kawaida zinaanza kuyumba. Kompyuta inatafuta kipande cha uso kikiwa na sura ile ile ya mwaka jana, lakini mawe yamegeuka, yameviringika, yametumbukia kwenye nyufa. Ndiyo maana watafiti hao walikwenda hatua nyingine na kupima jinsi mawe mojamoja yalivyozunguka kati ya kipimo kimoja na kingine, ili kuona kama sehemu ile inatambaa tu au pia inapinduka inapoondoka. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika kazi yao. Jiwe lisilotambulika tena, ambalo mchambuzi mwingine angelitupa kama kosa la data, wao walilifanya kuwa data.

Kwa nini hapo, na si juu zaidi? Modeli ya mwinuko inatoa sehemu kubwa ya jibu. Ulimi unapotoka kwenye korongo lake unavuka mahali ardhi ya chini inapovunjika na mteremko kuwa mkali zaidi. Sehemu iliyokwisha kuvuka inavutwa na uzito wake kwa nguvu kuliko ile inayoifuata, kwa hiyo mwili unanyooka badala ya kujikunja. Juu ya mvunjiko huo utaona matuta ya kubanwa, yamepinda kwa utulivu. Chini yake utaona nyufa na ngazi zinazokatiza ulimi, kama ngozi iliyovutwa mpaka ikapasuka. Ufa nao unafungua njia: maji ya theluji na ya mvua yanaingia ndani zaidi, na barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri, ikichanganyika na maji, inapoteza ugumu. Mwendo unaleta nyufa, nyufa zinaleta maji, maji yanaleta mwendo. Halijoto inayopanda inasukuma mzunguko huo, lakini mvunjiko wa ardhi ndio unaochagua mahali utakapoanzia, na mvunjiko huo ulikuwa hapo wakati wa kipindi cha kwanza pia.

Nyufa hizo zinaonekana kwenye picha moja tu, bila mfululizo wowote. Hilo ndilo ninalowaambia wanaoanza kuchora. Watu wengi hawana modeli 14. Wana othofoto moja, yaani picha ya anga iliyonyooshwa ilingane na ramani, na modeli moja ya leza, na wanadhani kwamba bila wakati hawana la kusema isipokuwa mpaka. Wanalo. Ngazi zinazokatiza ulimi, ukuta wa mbele uliochubuka na kuonyesha vifusi vibichi visivyo na kuvumwani, ule utando unaoota juu ya mawe yaliyotulia, mvunjiko wa ardhi chini ya mwili: hivyo vitatu vikikutana, andika kwenye safu ya maelezo kwamba barafuto hii inapaswa kupimwa tena, na upesi. Ukingoja mpaka kasi ithibitishwe, huenda hutakuwa na picha ya kabla ya kulinganisha nayo.

Mwongozo wa kimataifa unatenga makundi matatu: hai, kwa mwendo wa kuanzia desimita kwa mwaka hadi mita kadhaa, ya mpito, kwa mwendo ulio chini ya hapo, na masalia. Unashauri pia kwamba barafuto moja igawanywe katika maeneo madogo kadiri mwendo unavyotofautiana, na kila eneo lipewe kiwango chake cha kasi pamoja na miaka ya data iliyotumika. Tangu 2022 kasi ya mabarafuto ya mawe imo katika vipimo rasmi vya mfumo wa kimataifa wa kufuatilia tabianchi, chini ya ardhi iliyoganda. Wengi wanaojaza orodha bado wanaruka maeneo madogo kwa sababu yanachukua muda. Kwa mabarafuto mengi hasara ni ndogo. Kwa Hochebenkar hasara ni kisa chote, kwa kuwa wastani wa ulimi mzima unachanganya sehemu ya juu isiyo na haraka na sehemu ya chini inayokimbia, na kutoa namba isiyo ya mahali popote.

Nilipoichora upya kwa ajili ya kufundishia, niliacha mpaka wa nje kama ulivyo, nikakata ulimi mara mbili. Kata ya kwanza inafuata mvunjiko wa ardhi, mahali matuta yanapokoma na nyufa zinapoanza. Ya pili inafuata ukingo wa juu wa ukuta. Kwenye safu ya hali ya eneo la juu niliandika "hai". Kwenye eneo la chini niliandika "hai, limepoteza uthabiti", na pembeni yake miaka: 2020–2021. Ukuta wa mbele nikauacha bila kiwango cha kasi, nikaandika tu tarehe ya picha niliyouchorea, kwa sababu mpaka huo ni wa siku ile.